Jiwe linawaka kijani kwenye taa ya noti, je tumeshadhurika?

"Habari mtaalamu. Mi nina kibanda cha uwakala hapa Mwanjelwa. Shemeji yangu anachimba Chunya, mwezi uliopita alikuja na jiwe alilopewa na mchimbaji mwenzie aliyetokea Ruvuma. Ukubwa wake kama kiberiti, ni jiwe la kawaida tu ila juu lina magamba ya njano-kijani. Nikalipitisha chini ya taa yangu ya kukagulia noti likawaka kijani kali mpaka nikaogopa. Tangu hapo kila mtu ana lake. Kijana mmoja anasema hiyo ni urani na huo mwanga ndo mionzi yenyewe, tutapata kansa. Dalali anasema atalinunua milioni 40 ila kwanza tumpe laki 3 ya kipimo. Mama mkwe kaniambia ninywe maziwa asubuhi na jioni. Nina mimba ya miezi mitano, na mwanangu wa miaka minne amelichezea siku ile ya kwanza. Sasa hivi liko chini ya kitanda limefungwa kwenye kitenge na nimeona unga wa njano umeanza kudondoka. Tumeshadhurika? Nilitupe chooni?"

Pole sana dada, hiyo presha naielewa. Kabla hatujaanza kuelezana, fanya haya leo leo: chooni usilitupe, dalali usimpe hata senti, na jiwe litoke chini ya kitanda. Ila usilikung'ute. Vaa glavu za plastiki au jivike mfuko wa nailoni mkononi, jifunge kitambaa puani, lichukue jiwe pamoja na kitenge chake hivyo hivyo, tia kwenye mfuko wa plastiki, funga, tia kwenye mfuko wa pili, kisha weka kwenye kopo lenye mfuniko. Kopo likae nje, kwenye stoo au kibanda ambacho halali mtu na watoto hawafiki, na lisiwe karibu na unga wa chakula wala vyombo. Pale sakafuni lilipokuwa usifagie kabisa, maana ufagio utaurusha ule unga hewani. Pangusa na kitambaa kibichi mara mbili tatu, kitambaa nacho kiingie kwenye mfuko ule ule, halafu nawa mikono na sabuni. Na kwa kuwa we ni mjamzito, kazi hiyo afanye baba watoto.

Sasa tuongee taratibu.

Yule kijana kapatia nusu kakosea nusu, na ile nusu aliyokosea ndo inayowatisha watu wengi. Kwa maelezo yako, magamba, rangi ya limao inayoelekea kijani, kuwaka kijani kali na kudondosha unga, mi nafikiria otunaiti au mmoja wa ndugu zake wa karibu, na otunaiti kweli ni madini ya urani, ile metali yenye mionzi, tena sio kidogo, karibu nusu ya uzito wa hayo magamba ni urani. Hapo kapatia. Alipokosea ni kusema mwanga ndo mionzi. Hapana. Ni vitu viwili tofauti ambavyo vimekutana kwenye jiwe moja, kama mtu mrefu ambaye pia ni fundi cherehani, urefu wake haukushona nguo.

Jaribu mwenyewe hapo kibandani kwako usiku. Chukua shati jeupe lililofuliwa na sabuni ya unga, lipitishe chini ya ile taa, litawaka bluu. Noti zako zenyewe zina alama zinazowaka, ndo maana taa ikatengenezwa. Wale wanaolala kambini Chunya wakipita na tochi ya aina hiyo usiku wanamwona nge anawaka kijani kama taa ya diskoteki, na nge hana urani. Kuna floraiti inawaka, kalsaiti nyingine inawaka, na kuna shilaiti inayowaka nyeupe ya bluu, hii ni madini ya tangsteni na mahali pengine huwa inakaa pamoja na dhahabu, mchimbaji mwenye akili anaitafuta makusudi kwa taa ya jamii hiyo, ila ile ya mawimbi mafupi, sio ya noti. Vyote hivyo havina shida yoyote ya mionzi. Na kinyume chake ndo hatari zaidi kwa anayeamini kuwaka: yuraninaiti, ambayo ndo mama wa urani yenyewe, ni jiwe jeusi zito, ukiliweka chini ya taa yako linakaa kimya kabisa, haliwaki hata kidogo, na lina urani nyingi kuliko otunaiti. Hata hapa kwetu, kile kilima cha Panda karibu na Songwe chenye metali ya niobiamu, niobiamu yake iko ndani ya madini yanaitwa pairokloo, na pairokloo kwa tabia yake huwa inabeba urani kidogo na thoriamu, metali nyingine yenye mionzi, bila kuwaka. Kwa hiyo taa ya noti haipimi mionzi, ni sawa na kupima homa kwa rula.

Kuwaka kwenyewe kunatokeaje? Ndani ya otunaiti urani haikai peke yake, imeshikana na oksijeni mbili, moja huku moja kule, zimenyooka mstari mmoja. Hicho kikundi kinaitwa uranili. Taa yako inatoa mwanga wa zambarau pamoja na mwingine ambao jicho halioni kabisa, na huo usioonekana una nguvu kuliko mwanga wa kawaida. Ukikipiga kile kikundi, elektroni zake zinaruka juu, zinakaa kidogo mno, kisha zinashuka, na zikishuka zinarudisha ile nguvu. Ila haziirudishi yote, sehemu inapotea kama joto, kinachobaki kinatoka kikiwa na nguvu pungufu na ndo hicho macho yetu yanakiona kijani. Umeingiza mwanga usioonekana umetoka unaoonekana, basi, hakuna uchawi. Zima taa, jiwe linazima hapo hapo. Mionzi sasa haina swichi. Hiyo inatoka ndani kabisa kwenye kiini cha urani, usiku na mchana, taa iwepo isiwepo, na nusu ya urani iliyomo humo itachukua miaka kama bilioni 4.5 kuisha. Wala haionekani.

Usijisikie vibaya kuchanganya, maana hata aliyegundua mionzi alianza kwa kuchanganya hivyo hivyo. Mwaka 1896 huko Paris, Henri Becquerel alikuwa anachunguza chumvi ya urani inayong'aa, yeye akiamini kwamba jua likiipiga ndo inatoa miale inayopenya karatasi nyeusi na kuchoma sahani ya picha, kile kioo kilichotumika enzi hizo badala ya filamu. Siku hizo za mwisho wa Februari likawa wingu, jua hakuna, akaweka vitu vyake kwenye droo. Alipoisafisha ile sahani akakuta imechomeka vizuri tu, gizani! Baadaye akajaribu na urani isiyong'aa kabisa, ikachoma vile vile. Ndo ikajulikana kwamba kung'aa hakuhusiki. Miaka miwili baadaye Marie Curie akapima mawe mengi ya urani, otunaiti ikiwemo, na lile jiwe ambalo ni ndugu yake lenye shaba badala ya kalsiamu, tobenaiti, ambalo ni kijani zuri la kuvutia ila kwa kawaida haliwaki kwenye taa kwa sababu shaba inaua ule mwanga. Akakuta lile la shaba lina mionzi kuliko urani yenyewe iliyosafishwa. Akajiuliza inakuwaje, na swali hilo ndo likamfikisha kwenye vitu viwili vipya vyenye mionzi, poloniamu na rediamu.

Jina otunaiti linatokana na mji wa Autun, Ufaransa, lilipewa mwaka 1852. Jiwe lenyewe ni laini, kucha inalikwangua. Limejengwa kwa matabaka kama ulanga, ule unaomeng'enyuka kama karatasi, na katikati ya tabaka na tabaka kumejaa maji. Sio unyevu wa kupangusa, ni maji yaliyo sehemu ya jiwe. Ukiliweka pakavu au juani yanatoka polepole mpaka yanabaki karibu nusu, tabaka zinasinyaa, zinapasuka, linabadilika kuwa kitu kingine kinachoitwa meta-otunaiti na linaanza kupukutika. Huo unga wako wa njano kwenye kitenge ndo huo. Na mimi yalinikuta, nikiwa bado kijana niliweka kipande kizuri kabisa kwenye kiboksi cha viberiti juu ya dashibodi ya gari, tukazunguka nacho siku mbili juani, nilipokuja kufungua nikakuta unga. Nilitumia saa nzima kupangusa ile dashibodi na kitambaa kibichi huku nikijilaumu, kwa hiyo nikikwambia usifagie naongea kutokana na yaliyonikuta.

Linatokea wapi? Hapa ndo napapenda, nivumilie kidogo. Angalia nyumba yenye bati la zamani. Chuma kikiwa kizima mvua haikibebi, hata inyeshe miezi sita kama kule Tukuyu. Kikishapata hewa na maji kinakuwa kutu, na kutu inashuka na maji inachora michirizi myekundu ukutani. Urani inafanya karibu hivyo. Chini sana kwenye mawe ya graniti au pegmataiti urani inakaa kwenye lile jiwe jeusi, na katika hali hiyo maji hayaiyeyushi kirahisi. Sasa maji ya mvua yenye oksijeni yakipenya kwenye nyufa yanaikuta, yanaibadilisha kuwa ile uranili, na uranili inayeyuka, inasafiri na maji. Inasafiri mpaka ikutane na fosfeti, ambayo inatoka kwenye madini yanaitwa apataiti yaliyo kwenye mawe mengi, na kalsiamu ambayo iko kila mahali. Wakikutana hao watatu, uranili, fosfeti na kalsiamu, wanashikana na kuganda kwenye ufa kama magadi yanavyoganda pembeni ya bwawa maji yakikauka, vibamba vidogo vya pembe nne. Ndo maana otunaiti utaikuta karibu na uso wa ardhi, imepakwa kwenye nyufa, na wajiolojia wakiiona wanajua mama yake hayuko mbali, huenda yuko chini hapo au alikuwepo.

Kuna njia nyingine, na hii ndo ya kwetu kusini. Yale maji yenye urani yakipita kwenye mchanga wa zamani uliogeuka jiwe, ule tunaouita Karuu, yanakutana na mabaki ya miti iliyooza na makaa, oksijeni inaishia pale, urani inashindwa kuendelea kuyeyuka inaganda. Hivyo ndo ilivyojikusanya Mto Mkuju, wilaya ya Namtumbo mkoani Ruvuma, na hivyo hivyo Kayelekera, magharibi ya mji wa Karonga Malawi, ukishavuka pale Kasumulu sio mbali. Kayelekera ilianza kuchimbwa 2009, ikasimama 2014 bei ya urani ilipodondoka, na kwenye sehemu yake ya juu ambako hewa imeshaingia, meta-otunaiti ipo. Kwa hiyo shemeji akisema jiwe limetoka Ruvuma sio hadithi ya ajabu. Ila muulize vizuri limetoka kijiji gani na shimo gani, maana watakaolipima watataka kujua.

Haya, turudi kwenye mwili wako na mtoto.

Mionzi mikuu ya urani inaitwa alfa, na alfa haifiki mbali, karatasi inaizuia, ngozi yako inaizuia. Kulishika dakika chache kisha kunawa ni kitu kidogo sana. Kuna mionzi mingine inayopenya zaidi, inatoka kwa watoto wa urani, yaani vitu ambavyo urani inageuka polepole, ila kwa otunaiti ambayo haijakaa sana ardhini wengi wao hawajajaa bado, na kipande cha ukubwa wa kiberiti ambacho sehemu kubwa ni jiwe la kawaida, kikiwa uvunguni kwa mwezi, kinatoa kiasi kidogo ambacho hakina tofauti kubwa na mionzi ya asili tunayoipata kila siku toka ardhini na angani. Na umbali ni dawa nzuri kuliko ile metali ya risasi wanayosema watu, ukiongeza umbali mara mbili mionzi inakufikia robo. Kwa hiyo mimba yako kwa hilo la kulala juu yake sina sababu ya kuitilia wasiwasi. Kliniki yako ya kawaida endelea nayo, na mweleze nesi habari yenyewe ili iandikwe kwenye kadi.

Ninachokiogopa mimi ni ule unga. Alfa nje ya mwili ni simba aliye kwenye tundu, ukimvuta ndani kwa pua au mdomo umemfungulia. Unga ukikaa kwenye mapafu unachoma pale pale kwa muda mrefu, na ukimezwa, urani ni sumu ya figo kama zilivyo metali nyingine nzito, mbali kabisa na habari ya mionzi. Mtoto wa miaka minne kila kitu anatia mdomoni, ndo maana swali langu kwako sio alilishika kwa muda gani, ni je, alilamba, alimeng'enya magamba, alikula bila kunawa? Siku ile unasema ndo lilikuwa limefika, huenda lilikuwa bado halijaanza kupukutika, hiyo ni afadhali. Ila kama unakumbuka alitia mdomoni, au kama kuna mtu alilisaga au kulitwanga ajaribu kuona ndani, nenda hospitali ya rufaa au ya mkoa, usiende famasi. Sema wazi kabisa "mtoto amemeza madini yanayodhaniwa ya urani," wapime mkojo na figo. Na ukiona mtoto anakojoa kidogo kuliko kawaida, uso umevimba, anatapika, usisubiri kesho.

Kingine ni gesi ya radoni, inatoka kwenye mawe yenye urani na haina harufu wala rangi. Kwa jiwe moja dogo sio jambo kubwa, lakini fikiria Juni na Julai hapa Mbeya baridi inavyopiga, watu wanafunga madirisha wiki nzima, na mtu ana kiroba cha mawe ya hivyo chumbani anasubiri bei ipande. Hapo sasa gesi inajaa, na radoni ndani ya nyumba inajulikana kwa kuleta kansa ya mapafu. Mwambie shemeji, kama ana mengine kambini yasilale na watu, na asiyapitishe kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, akidhani kuna dhahabu, hilo vumbi litawadhuru wote walio mwaloni wanaposafishia dhahabu. Wala asiyamwagie asidi wala ndimu kuyajaribu, maana otunaiti inayeyuka kwenye asidi, utakuwa umegeuza jiwe kuwa maji ya sumu.

Maziwa ya mama mkwe. Kunywa dada, una mimba na maziwa ni chakula kizuri, tena usimkasirishe bibi wa watu. Ila hayaondoi mionzi, hakuna kinywaji kinachoosha mionzi.

Kuhusu dalali nitaongea kwa ukali kidogo. Urani hainunuliwi kwa kipande cha kiberiti. Migodi inauza kwa tani, ikiwa imeshasafishwa kiwandani kuwa unga wa njano (sio huo wako wa kwenye kitenge), kwa mikataba na vibali vya serikali. Na kwenye urani ya asili ile aina inayotakiwa kwenye vinu vingi vya nyuklia ni asilimia 0.7 tu, kwa hiyo hadithi kwamba wazungu wanatengeneza bomu na jiwe lako ifutwe. Anayeomba laki 3 ya kipimo kwanza anazitaka hizo laki 3, jiwe halimhusu, ni mchezo ule ule wa zebaki nyekundu, kitu cha kubuni ambacho matapeli wanakiuza. Tena hata angekuwa mnunuzi wa kweli ungekuwa na shida kubwa zaidi, kwa sababu kumiliki, kusafirisha na kuuza vitu vyenye mionzi kunasimamiwa na Sheria ya Nguvu za Atomi namba 7 ya mwaka 2003, bila kibali ni kosa. Watu wameshakamatwa na vitu hivi kwenye mabegi, na dalali siku hiyo humwoni.

Sasa njia ulizo nazo. Kulirudisha kwa shemeji ni kuhamisha tatizo tu. Kulifukia shambani nako sipendi, mvua ikinyesha linaanza ile safari yake na maji, na kisima cha jirani kiko hapo. Chooni ni yale yale. Kulibakiza kama pambo, wapo wakusanyaji duniani wanaoyahifadhi kwenye kabati zao za vioo kwa uangalifu na vibali vya nchi zao, lakini nyumba yenye mtoto na mimba hapana. Inayobaki, na ndo ninayokushauri, ni kuwapigia Tume ya Nguvu za Atomi Tanzania, TAEC, uwaeleze kama ulivyonieleza mimi na uwaulize ofisi yao ya karibu na wewe. Usilibebe kwenye daladala kuwapelekea kabla hujaongea nao, watakwambia walifuate au ulipelekeje. Wana mashine inayopima mionzi kwa dakika chache, na jibu lake lina uzito kuliko langu mimi niliyesoma maelezo tu. Waombe wapime na pale chumbani, kile kitambaa, godoro upande wa chini. Kujulikana mapema kwamba umetoa taarifa mwenyewe ni kinga yako pia. Kama baba watoto bado anaota milioni 40, mpeleke pamoja nawe ofisi ya madini ya mkoa akaulize bei mbele ya afisa.

Na ile taa yako ya noti haijaharibika wala haijaambukizwa chochote, mionzi haiambukizi namna hiyo. Pangusa kioo chake na ile meza kwa kitambaa kibichi, kama kuna punje zilidondoka zitoke, usikodolee macho ule mwanga wa zambarau, na endelea kukagua noti zako.